Swali la Bibi wa Mbagala



Jumamosi moja tulikwenda Mbagala kusali na jumuiya ndogo ndogo. Baada ya tafakari ya Injili, bibi mmoja alituuliza tunasoma nini seminarini. Tukajibu kwa kujiamini: falsafa, Plato, Aristotle, na Kigiriki kidogo. Akatutazama kwa huruma.

“Wajukuu zangu, hao Wagiriki wa kale na miungu yao wanatuhusu nini sisi wa huku?”

Tukaanza kumwaga maneno ya darasani. Kadiri tulivyoeleza, ndivyo wanajumuiya walivyozidi kunyamaza. Kwenye daladala tulirudi kimya. Ukweli ni kwamba hata sisi hatukuwa na jibu. Tulisoma ili tufaulu mtihani.

Jibu tulianza kulipata katika kazi za Profesa Felix Chami, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kipo kitabu kidogo kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erythraea, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 na mtu asiyejulikana jina, aliyezifahamu safari za biashara kutoka Misri. Kinataja pwani yetu na soko lake la mwisho, Rhapta. Jina hilo linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu mashua za huko zilishonwa kwa kamba. Wazee wetu wa pwani waliziita mitepe. Kitabu kinataja pia pembe za ndovu zilizouzwa, na mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa.

Wengi walikisoma kitabu hicho maktabani. Profesa Chami alikisoma, kisha akachimba. Mwaka 1994 alitoa tasnifu yake, Uppsala nchini Sweden, kuhusu pwani ya Tanzania katika miaka 1,000 ya kwanza baada ya Kristo. Mwaka 1999 akachapisha habari za shanga za Kirumi zilizopatikana Rufiji. Hoja yake kubwa ni kwamba wakulima na wafua chuma wenyeji ndio walioujenga msingi wa utamaduni wa pwani, wala haukuletwa wote na wageni. Mahali hasa ilipokuwa Rhapta, wataalamu bado wanabishana. Yeye anaelekeza Rufiji.

Na Rufiji, ndugu msomaji, ndiko unakofika ukiishika Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala kwenda kusini.

Mtakatifu Paulo alipofika Athene, sanamu za mji ule zilimchukiza. Hata hivyo alizunguka, akaziangalia ibada zao, mpaka akaikuta madhabahu ya Mungu asiyejulikana. Alipohubiri, akaanzia hapo. Sisi tulifika Mbagala tukasema kabla ya kutazama.

Tuliporudi katika jumuiya ile, tukasimulia habari za mitepe na shanga. Safari hii watu waliuliza maswali mpaka giza likaingia. Bibi ndiye aliyemalizia:

“Na hao wa kwetu waliouza pembe, walimwomba nani?”

Tukamjibu, “Bibi, hatujui.”

Akatabasamu. “Basi someni, wanangu. Mkijua, mje mtuambie.”

Tangu siku hiyo hatusomi tena kwa ajili ya mtihani peke yake. Kuna mtu Mbagala anatusubiri.