Kobalti, Msiri na Kumbukumbu Isiyozimika

Wasomaji wangu, leo siasa zikae pembeni. Nipo Tabora kikazi, na jana jioni umeme ulikatika nikiwa katikati ya habari. Machungu hayo mnayajua. Kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta hushika maneno kwa chaji ndogo ndogo za umeme, nazo huvuja, lazima zijazwe upya mara nyingi kila sekunde. Umeme ukienda, maneno nayo yanakwenda.

Ipo kumbukumbu nyingine inayotumia sumaku. Fikiria utando wa juu ya maziwa yaliyopoa, kisha uupunguze hadi unene wa nanomita moja au mbili. Unywele wako una makumi ya maelfu ya nanomita. Tando mbili za hivyo, za kobalti, chuma na boroni, hutenganishwa na utando wa oksidi ya magnesiamu. Sumaku ya utando mmoja haigeuki, ya mwingine inageuzwa. Zikielekea upande mmoja umeme hupita kirahisi, zikipeana kisogo unapita kwa taabu. Hiyo ndiyo sifuri na moja. Zima mashine, rudi hata mwakani, utazikuta zimeelekea vile vile. Njia ilifunguliwa na Albert Fert na Peter Grünberg, ambao mwaka 1988 kila mmoja kivyake aligundua jinsi tando za sumaku zinavyobadili ukinzani wa umeme. Walipewa Nobel mwaka 2007. Chipu zenyewe zilianza kuuzwa 2006.

Sasa mtaniuliza, Tabora inaingiaje hapo? Inaingilia kwenye kobalti.

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa Katanga ya zamani, pamoja na shaba. Na waliokwenda huko kwa miguu kufuata shaba, karne ya 19, walikuwemo Wanyamwezi na Wasumbwa. Mmoja wao, Ngelengwa mwana wa Kalasa, alibaki akawa mtawala wa Bunkeya: ndiye Msiri. Tusimpambe, aliuza pembe na aliuza watu. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Omer Bodson, ofisa wa msafara uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold. Msafara huo ulitoka pwani ukapitia hapa hapa Tabora! Livingstone ana nyumba yake ya makumbusho Kwihara. Msiri sijamwonea hata kibao.

Lakini linaloniuma si kibao. Watu wa Msiri, Bayeke, walisifika kwa kuvuta shaba ikawa waya mwembamba wa bangili. Hawakuuza mawe tu, walikuwa na ufundi. Na tusidanganyane, kobalti ya kwenye chipu ni kiduchu mno, nyingi huishia kwenye betri. Hata mgodi wote ukiwa wako, thamani ya chipu iko kwa anayejua kulaza utando ule ndani ya chombo kisicho na hewa, tabaka juu ya tabaka. Ufundi huo uko Japani, Korea, Marekani. Sisi tunapitisha magunia.

Leo asubuhi nilimtembelea rafiki yangu anayefundisha fizikia sekondari hapa mjini. Nikamuuliza, "Mwalimu, sumaku za kufundishia unapata wapi?" Akafungua droo akatoa spika ya redio mbovu, ameshaipasua.