Laptopu imegoma? Twende Kariakoo, lakini sema ukweli

Kuna safari za kwenda mbugani kuangalia simba na kuna safari za kwenda Kariakoo kutafuta fundi. Zote mbili usipoangalia unaliwa. Wiki hii nakupeleka hiyo ya pili.

Kisa kilianza Alhamisi usiku nyumbani, Manzese. Laptopu yetu ni mkweche wa mkono wa pili, herufi kwenye vitufe zimefutika nusu. Nikaiwasha, taa ikawaka, feni ikavuma, kioo kikabaki cheusi tii. Sekunde chache ikajizima, ikajiwasha yenyewe, ikajizima tena. Nikarudia weee, mpaka kidole kikauma.

Ingekuwa ni muvi tu ningelala zangu. Lakini humo ndani kulikuwa na hesabu za kikoba cha mama. Wanawake 21, mama ndiye mweka hazina, na Jumapili walikuwa wanavunja kikoba ili kila mmoja achukue chake. Tena mimi mwenyewe, na elimu yangu ya kidato cha nne na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, ndiye niliyemwambia mama aachane na daftari, mambo ya kizamani hayo. Akaniamini.

"Mwanangu," akasema usiku ule, "mimi nitasimamaje mbele ya wenzangu niwaambie hesabu imegoma kuwaka? Wataniita mwizi."

Sikulala. Ijumaa asubuhi nikapanda mwendokasi, begi nimelikumbatia kama mtoto mchanga, nikashukia Gerezani.

Kariakoo unaijua. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo hakuna anayepita pale mikono mitupu. Hapo ndipo lilipo soko lililochorwa na msanifu wetu Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile lililoshika moto Julai 10, 2021. Ukitoka upande wa soko ukakata mitaa kuelekea Aggrey, nguo na vyombo vinapungua, simu na chaja zinaongezeka. Spika zinapiga kelele, mikokoteni inadai njia, na kila mlango una kijana anayekuita kwa jina ambalo siyo lako.

"Dada, laptopu hiyo? Leta tuipige Windows mpya, elfu kumi na tano tu!"

Hata begi sijafungua! Nikapita. Wa pili aliiwasha, akaitazama muda wa kumeza mate, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye sinema. "Madabodi imekufa, dada. Hapa hakuna kitu. Nikupe elfu thelathini nibaki nayo ya spea." Machozi yakanilengalenga. Nilitaka kukubali, jamani. Sijui ni nini kilinivuta mkono.

Muuza kahawa mmoja, alipoona nimesimama kama mgeni, akaninong'oneza: "Panda ngazi hizo, kuna mzee juu." Nikapanda. Chumba chenyewe ukubwa wa jiko, meza moja, taa ya kuinama, bisibisi zimepangwa kama vijiko vya harusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Mgonjwa ana nini?"

Nikamweleza. Hakuigusa. Akauliza: "Kabla haijagoma ilifanya nini?"

"Hamna kitu, mzee. Imegoma tu."

Akanitazama. "Binti, fundi ni kama daktari. Mficha uchi hazai."

Nikaona aibu, nikasema ukweli ambao hata mama sikumwambia: Jumatano mdogo wangu alikwaa waya wa chaja, laptopu ikadondoka kutoka mezani. Mzee akatabasamu. "Sasa tunaanza kuongea."

Hapo ndipo nilipopata shule ambayo kozi yangu haikunipa. Mzee alisema laptopu ikigoma usianze na kubwa, anza na dogo, na dogo la kwanza ni dalili. Kama haina hata taa, shuku umeme: soketi, waya, chaja. Akachukua kipimo chake akagusisha ncha ya chaja yangu, kikasoma volti 19 na kidogo, sawasawa na zilizoandikwa kwenye chaja yenyewe. "Umeme upo. Hilo tumelifuta."

Akachomoa chaja, akatoa betri, akakishikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Eti umeme ukibaki ndani unaweza kuichanganya mashine, na dawa hiyo haina gharama hata ukiwa kijijini. Akairudishia chaja, akaiwasha. Giza lilelile.

Akazima taa ya meza, akamulika kioo kwa tochi ya simu, kwa upande. "Ukiona picha hafifu, mashine ni nzima, taa ya kioo ndiyo imekufa." Hatukuona picha. Akaichomeka kwenye kioo cha pembeni, giza tena.

Ndipo akafungua kifuniko cha chini. Mule ndani kuna vibao viwili vidogo vyembamba, mafundi wanaviita ramu. Ni kumbukumbu ya muda, meza ambayo kompyuta inafanyia kazi, na isipoiona haiwezi hata kuanza. Kimoja kilikuwa kimekaa upande. Mzee akavitoa vyote, akavisugua meno yake ya rangi ya dhahabu taratibu kwa raba, hii hii ya kufutia penseli, akapuliza vumbi. Akaweka kimoja. Akawasha.

Kimya. Moyo wangu nausikia masikioni.

Akakitoa, akaweka kile kingine. Mara kioo kikajaa mwanga! Nikapiga yowe mpaka watu wa ngazini wakachungulia. Tarehe iliandika miaka ya zamani huko, mzee akasema hiyo ni betri ndogo ya sarafu imechoka, si tatizo la leo.

Nikanyoosha mkono nianze kufungua mafaili. Akanizuia. "Una fleshi?" Sina. "Basi kanunue. Mashine iliyoanguka inaweza kuzima tena saa yoyote. Kwanza okoa mali, nyumba tutapaka rangi baadaye." Adhana ikasikika, mzee akafunga mlango akaenda kuswali Ijumaa. Mimi nikabaki na fleshi mkononi, nimekaa ngazini kama mlinzi.

Aliporudi tukanakili hesabu zote. Ndipo akanieleza jambo ambalo naomba ulikate ulibandike ukutani: mashine kugoma si sawasawa na kazi zako kupotea. Kazi zinakaa kwenye hadi diski, na kwenye laptopu nyingi za zamani diski hiyo inachomolewa, inaunganishwa kwa waya wa USB na kompyuta nyingine, inasomwa. Kwa hiyo hata madabodi ingekufa kweli, hesabu za mama zingeweza kuwa hai. Na yule aliyetaka kunipa elfu thelathini angebaki nazo! Yule wa Windows mpya naye angeweza kuzifuta kabisa, akanikabidhi mashine safi kama ubao wa shule siku ya kufungua.

Jambo moja tu la kuogopa: ukisikia diski inagonga tik-tik-tik, zima hapohapo, usijaribujaribu, maana kila unapowasha unaweza kuwa unaikwangua.

Mzee alitaka elfu ishirini tu. Nikaomba anichapie zile hesabu, akanionyesha duka la chini.

Jumapili mama alisimama mbele ya wenzake na karatasi mkononi, akasoma jina kwa jina, kila mtu akapata chake, vigelegele mpaka jirani. Mimi nilikuwa nagawa soda. Usiku nikamweleza habari ya laptopu kudondoka. Hakunigombeza. Alifungua mkoba akatoa daftari jipya la kurasa 200, ameshalipigia mistari.

"Hiyo mashine yako iendelee," akasema, "na hili nalo liendelee."

Sikubisha. Nimeshamnunulia na kalamu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.