Jumamosi Kitabu, Jumapili Picha



Nyumba yetu iko Kipawa, kando ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Mgeni alalaye kwetu kwa mara ya kwanza hushtuka, kwani ndege hupita juu ya mapaa kwa kishindo hata mazungumzo hukatika. Sisi wenyeji tumekwisha zoea: msemaji hunyamaza, ndege ikapita, naye akaendelea pale alipoachia. Zamani mtaa ulikuwa na watu wengi zaidi. Upanuzi wa uwanja, ambao jengo lake la tatu la abiria lilifunguliwa mwaka 2019, uliwahamisha majirani wetu wengi, na baraza zao zikaondoka pamoja nao. Watoto waliokuwa wakikaa barazani jioni kusikiliza maneno ya wakubwa, sasa kila mmoja hujifungia na simu yake.

Usiku mmoja, saa nane, tulimkuta mwanetu mkubwa, kijana wa miaka 17, akitazama chini ya shuka picha isiyomfaa kijana wala mzee. Aliyetuambia ni mdogo wake wa miaka 13. Tangu siku ile ndugu hao wawili wakawa hawasemezani. Walikula sahani moja bila ya neno, na mkubwa akamwita mwenziwe msaliti. Mkono wetu ulikuwa umekwisha inuka kuivunja ile simu, mama yetu, bibi yao, akatuzuia.

"Mwanangu, utavunja simu ngapi?" akasema. "Sisi wasichana wa zamani tulitazama picha, wala hatukupotea. Lakini hatukwenda peke yetu. Tulipelekwa."

Neno hilo lilitukalisha kitako. Tukaazimia kuitumia Jumamosi na Jumapili kwa namna nyingine, na bibi awe kiongozi wa safari.

Jumamosi asubuhi tukapanda daladala sote watano. Tulipita juu ya daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, tukashuka mjini, tukaenda kwa miguu hata Maktaba Kuu ya Taifa, katika Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Maktaba hiyo ilifunguliwa na Rais Nyerere mwezi wa Desemba 1967, siku nchi ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake. Watoto walistaajabu kuona ukumbi uliojaa watu na usio na kelele. Tukawakumbusha kwamba neno la kwanza la wahyi, katika pango la Hira, lilikuwa ni amri ya kusoma. Basi Mwislamu aingiapo maktaba haingii ugenini.

Kila mmoja aliruhusiwa kuchagua kitabu chake, lakini kimoja kilikuwa ni cha nyumba nzima: Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Tulikichagua kwa makusudi, ingawa hatukusema.

Baada ya swala ya Adhuhuri bibi akatutembeza. Katika Mtaa wa Zanaki akasimama, akatuonyesha mahali ilipokuwa sinema ya Avalon. Akawaeleza wajukuu wake kwamba watu walivaa nguo zao nzuri, wakaja na watoto, wakanunua njugu, na picha ilipokwisha hawakutawanyika upesi. Waliizungumza njiani mpaka nyumbani, na pengine mpaka Jumapili nyingine. Akasema kwamba Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, yaliyoitwa zanana, ili mama na binti zake wastarehe kwa stara. Hata hapa kwetu picha za Kiswahili zilitengenezwa mapema: mwaka 1952 ilitoka Muhogo Mchungu, na mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Huko Msasani watu walitazama picha wakiwa ndani ya motokaa zao. Kiwanja kile leo ni ubalozi wa Marekani.

Sinema hizo zilififia pole pole. Ukanda wa video uliingia majumbani katika miaka ya 1980, na televisheni ikaanza Bara mwaka 1994. Kisha vikaja vibanda umiza vya uswahilini, ambamo picha ya kigeni hufasiriwa kwa Kiswahili na mtu mwenye ulimi mwepesi. Hata huko watu hukaa pamoja wakacheka pamoja. Simu ndiyo iliyomtenga mtazamaji na wenziwe wote.

Usiku ule tukasoma. Adili, kama wajuavyo waliokisoma kitabu hicho, alikuwa na ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtenda uovu mkubwa. Wakageuzwa manyani, naye Adili akalazimishwa kuwapiga kila usiku, hali moyo wake unamwuma kwa huruma. Tuliwapokeza watoto wasome kwa zamu. Mkubwa alipofika mahali pa kipigo, ndege ikapita juu ya paa, akanyamaza. Ikaenda zake, naye hakuendelea. Tukamwuliza: "Mbona husomi?" Akajibu: "Nasubiri." Sote tulijua kwamba ndege imekwisha pita.

Jumapili baada ya Alasiri tukatazama picha sebuleni. Bibi aliitaka Mother India ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan, aliyoitazama mjini akiwa msichana. Ni ndefu, karibu saa tatu, na lugha yake ni Kihindi; kwa hiyo bibi akawa mfasiri wetu. Mama wa picha hiyo, Radha, mwigizaji wake ni Nargis, awalea wanawe katika ufukara na madeni. Adhana ya Maghribi ilipolia tukaizima, tukaswali, na baada ya swala watoto wakaanza kubishana juu ya mwisho utakavyokuwa. Hapo ndipo tulipotambua kwamba ndugu wale wawili wanasemezana, ingawa ni kwa kubishana.

Mwishoni mwana wa Radha amteka msichana wa watu, na mama mwenyewe ampiga risasi mwanawe kuihifadhi heshima ya yule binti. Sebule ikawa kimya. Mdogo akauliza: "Bibi, kwani hakumpenda?" Bibi akajibu: "Alimpenda, mjukuu wangu. Lakini alichelewa kumwambia alipokuwa mdogo." Mkubwa akainama. Baadaye, tulipokuwa tukifunga milango, tulimsikia akimwambia mdogo wake: "Ulifanya vizuri kusema. Ila ungeniambia mimi kwanza." Mdogo akajibu: "Nilikuogopa." Hatukuingia kati.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba kila picha yafaa, wala kwamba kila kitabu ni ilimu. Mtume wetu s.a.w. alitufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya kile alichokichunga. Mchunga haketi nyumbani akawapigia kelele mbuzi walio mbali, hutoka nao. Zamani mambo matatu yaliihifadhi nyumba: wazee walichagua kabla ya kwenda, walikaa pamoja na watoto wakati wa kutazama, na walizungumza nao baada ya kwisha. Simu imeyaondoa yote matatu kwa pamoja. Na mzazi anayekataza tu, bila ya kuyarudisha, hufunga mlango hali dirisha li wazi.

Ile simu hatukuivunja. Usiku hulala chumbani kwa bibi, na mwenyewe ndiye aipelekaye. Adili tulikimaliza Jumamosi ya tatu, na nduguze walipopata msamaha mtoto wa kike wa nyumba, mwenye miaka minane, alipiga makofi. Kitabu kijacho amepewa haki ya kukichagua yeye.

Twawaomba wazazi wa Kipawa, Temeke, Kinondoni na kwingineko wajaribu hata Jumamosi moja. Nauli ya daladala na nusu siku vyatosha kuanzia. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wachunga wema, na watoto wetu wawe ni kitulizo cha macho yetu. Amin.