Kodi na Kura

Huku kwetu Rumangabo liko swali moja lisilokosa kuleta ubishi: mgeni akaaye katika nchi na kulipa kodi, apewe kura ama asipewe? Tunaona yafaa kulipima kwa mambo yaliyotupata wenyewe.

Kwanza tuwatenganishe watu. Hapa Rutshuru wako wasemao Kinyarwanda ambao babu zao walikuwako kabla Wazungu hawajakata mpaka mwaka 1910. Hao si wageni. Wengine waliletwa na Wabelgiji toka Ruanda kati ya 1937 na 1955, wakapewa mashamba hasa upande wa Masisi. Walilima, walizaa, walilipa kodi.

Sheria ya uchaguzi ya 23 Machi 1960 ilisema wazi: mtu wa Ruanda-Urundi aliyekaa Kongo miaka kumi apige kura. Haikumwita Mkongo; ilimpa sauti tu. Kisha neno likageuka. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950. Ile ya 1981 ikawanyang'anya, ikidai ukoo uliokuwako Kongo mwaka 1885. Mwaka 1993 damu ikamwagika Walikale na Masisi. Sheria ya 2004 ikabadili kipimo tena. Mtu atakaaje kwa amani, ikiwa hajui kesho ataitwa nani?

Wengine watasema: mgeni akipata kura, kesho atataka mashamba na kiti cha mwami. Woga huo si wa bure, maana kura huhesabu vichwa. Lakini mwami hachaguliwi kwa kura, wala shamba haligawiwi katika sanduku. Basi mambo yatengwe: Rais na wabunge wachaguliwe na raia, baraza la mji, lenye kuangalia soko, maji na njia, lichaguliwe na wote waliokaa hapo. Ubelgiji yenyewe ilifanya hivyo kwa sheria ya 2004: mgeni atokaye nje ya Ulaya, akiisha kukaa miaka mitano, aweza kupiga kura ya mji wake tu.

Hata hivyo kodi peke yake isiwe kipimo. Mchuuzi apitaye hulipa ushuru sokoni leo, na kesho yuko Goma. Mjane asiye na kitu halipi, naye ni wa hapa. Kipimo kiwe miaka ya kukaa, tena kiandikwe mara moja, kisisogezwe kila utawala ukibadilika.

Nasi twajua uchungu wa kukosa sauti. Tarehe 20 Desemba 2023 Kongo ilipiga kura, lakini Rutshuru na Masisi hazikupiga, kwa sababu ya vita. Tulikuwa raia, na sanduku halikufika. Aliyeonja hayo asione ni jambo dogo jirani yake akikaa miaka ishirini bila kuulizwa neno.