Mzee wa Koili

Kijana mmoja wa hapa Mandewa, mwenye karakana ya useremala, aliniuliza anunue stabilaiza gani kwa mashine yake ya randa. Nikamuuliza mota inakula ampia ngapi. Akanionyesha picha ya boksi la dukani: VA 5,000. Kibati cha mota hajawahi kukisoma, na sasa kimepakwa rangi pamoja na mashine.

Niliumia, maana Singida hii jambo hilo lilikuwa likifundishwa bure.

Mjini, upande wa sokoni, alikuwapo fundi wa kusuka mota tuliyemwita Mzee wa Koili. Kibanda chake ulikijua kwa pua kabla ya macho: vanishi ikikaushwa juu ya jiko la mkaa, karatasi za koili zilizoungua, risasi ya kulehemu. Mwaka mtambo wa umeme wa Mtera ulipoanza, 1988, kibanda tayari kilikuwa wazi.

Mwenye mashine ya kukamua alizeti akija kulalamika kwamba mota inaunguruma haizunguki, mzee hakuanza na bei. "Mwanangu, umepima saa ngapi?" Mchana umeme ulitosha, jioni, nyumba zote zikiwasha, mwisho wa laini ulishuka. Alikwenda mwenyewe na mita, akapima mashine ikiwa imezimwa, kisha ikiwa kazini. Mara nyingine hakuuza kitu: alikuta waya mwembamba kati ya swichi na mashine, akaagiza mnene, akaondoka na nauli tu.

Kama laini yenyewe ndiyo dhaifu, alipiga hesabu kwa chaki. Nguvu ya mota ya kuanza kuzunguka hushuka kwa mraba wa volti: 230 zikiwa 190, inabaki kama asilimia 68. Zinakosekana volti 40. Kwa mota ya ampia 20, 40 mara 20 ni 800, yaani kVA 0.8. Basi akasuka transfoma ndogo ya kuongeza hizo 40 tu, akaiunga mfululizo na laini, kwa waya unaostahimili mota inapoanza, wakati inapovuta mara tano hadi saba ya kawaida. Alipima kabla ya kuunga mashine, kwa kuwa ncha zikigeuzwa volti hupunguzwa badala ya kuongezwa. Na lazima aweke swichi ya kuitoa: usiku laini ikirudi 230, mashine ingepata zaidi ya 270.

Yote hayo kwa transfoma unayoibeba kwa mkono mmoja! Leo tunalipia boksi kubwa la VA 5,000 ambalo mota ikianza tu linakata, na muuzaji hajui ndani kuna shaba au alumini.

Baadaye REA, wakala wa nishati vijijini, ikaja 2007, nguzo zikaenea. Laini ya kilovoti 400 ya Iringa hadi Shinyanga ikapita Singida. Mandewa ikapata hospitali ya rufaa ya mkoa na nyumba zikajaa. Mzee amefariki, kibanda kinauza makava ya simu.

Sasa zinaingia mashine kuukuu za Japani, za fezi tatu na volti 200, wakati sisi tuna 400. Watu wananunua transfoma ya kushusha, wanadhani wamemaliza. Transfoma haibadilishi hezi. Mota iliyoandikwa hezi 60 pekee, kwenye 50 zetu, hupungua kasi kwa sehemu moja ya sita, na volti zake zishushwe hadi kama 167, la sivyo itachemka. Volti na hezi za mota zimeandikwa kwenye kibati, chini ya rangi.