Mfuko wa Mtoto kwa Safari ya Mvua

Mara hii kapita wenu hataandika juu ya kengele wala juu ya kufagia darasa. Ninataka kuandika juu ya mfuko. Najua wavulana wa mwaka wa tano wamekwisha kucheka, kwa maana waliniona kwa masini ya jirani nikishona, na mmoja akauliza, "Kapita, weye unazaa lini?" Wacheke mpaka washibe, halafu wasome. Mafundi wengi wanaoshona sokoni ni wanaume, na sijasikia mtu akiwacheka wakati anapotaka suruali yake.

Hapa Minembwe tunakaa juu sana, kupita metre 2.000, na mvua yetu ni ya baridi. Mama mwenye mtoto mgongoni anapita njia ya miguu, matope na mito isiyo na daraja. Na safari ya chanjo si moja. Mtoto anachanjwa akizaliwa, tena kwa juma la 6, la 10 na la 14, kisha kwa mwezi wa 9 juu ya surua na homa ya manjano. Hesabuni wenyewe mara ngapi mama huyu anapanda na kushuka.

Yaya wangu alikwenda na mtoto wake kwa juma la 6, saa nne za kutembea. Vitu vya mtoto vilikuwa ndani ya sashe ya soko. Sashe ikapasuka njiani, vitambaa vyote vikalowa, na fishi ya chanjo nayo ikalowa, wino ukaenda. Aliyewapokea hakuweza kusoma kitu, akamgombeza yaya mbele ya watu kama vile yeye ndiye aliyeleta mvua. Lakini fishi si jambo lililonisumbua zaidi. Waliporudi jioni, mtoto alikuwa amevaa nguo mbichi tangu asubuhi. Miguu yake ilikuwa baridi kama jiwe la mto. Alikuwa ameacha kulia, na ziwa hakulitaka.

Mtoto mchanga anapoteza joto upesi kuliko sisi, na mwili wake ukishuka chini ya digri 36,5 hatari imekwisha kuanza. Mama yetu hakuwa na kipimo. Alimvua mtoto nguo zote, akampanguza, akamweka kifuani mwa yaya ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili mablanketi. Baadaye nilisoma kwamba waganga wa Bogotá, kule Kolombia, walianza kufanya vile hospitalini mwaka 1978 kwa watoto waliozaliwa mbele ya wakati, wakaiita njia ya kanguru. Mama hajui kanguru. Tulikaa kimya karibu na moto, na kuelekea usiku wa manane mtoto akanyonya. Usiku ule ule nikaanza kuwaza mfuko.

Kitu kisichopitisha maji tulikuwa nacho, ni shitingi. Mwaka 2019, vijiji vingi vya nyanda hizi vilipochomwa na watu wakakimbia, shitingi ndiyo ilikuwa nyumba yetu. Leo tuko chini ya mabati, na kile kipande kilichobaki kilikuwa kinafunika kuni. Nilipotoa makasi mama akaondoka, hakutaka kuona. Sikumuuliza kitu. Kisha akarudi, akakigeuza-geuza mkononi, akasema, "Kata upande huu, ule mwingine uko na matundu ya misumari."

Nilikata vipande viwili vya sentimetre 40 kwa 35, na vingine kama hivyo vya pamba kwa ndani. Shitingi haisamehe: sindano ikiingia mahali pasipo pake, tundu linabaki. Kwa hiyo usitie pini, shika kwa vibanio vya kuanikia nguo. Tumia sindano nene, nambari 16, na mishono mirefu, juu mishono ya karibu-karibu inaifanya shitingi ikatike kama karatasi ya stampu. Ikikwama chini ya mguu wa masini, weka karatasi ya daftari juu yake, shona, halafu ipasue uitoe.

Maji hayapiti kwa shitingi yenyewe, yanapita kwa matundu ya uzi. Kunja mshono mara mbili, usugue mshumaa juu ya uzi, kisha pitisha mgongo wa kijiko kilichotoka katika maji ya moto, ili mshumaa uyeyuke na kuingia. Pasi ya makaa usiilete karibu, itayeyusha kazi yako yote.

Zipu niliitoa kwa koti lililochakaa. Ufundi huo ulitengenezwa vizuri na Gideon Sundback, mtu wa Sweden aliyehamia Marekani, mwaka 1913. Lakini hata Sundback hakuzuia mvua ya Minembwe: maji yanapita katikati ya meno. Juu ya zipu nilishona kifuniko cha sentimetre 4. Chagua zipu ya plastiki, ya chuma inashika kutu. Uishone kwanza, mbele ya kuunganisha pande, na uiache wazi nusu, ama hutaweza kuugeuza mfuko.

Ndani kuna mfuko mdogo wa fishi, na mwingine wa kufunga kamba kwa vitambaa vilivyotumika, visichanganyike na vikavu. Neno moja kwa wanaotaka kuongeza akili yao: shitingi ni ya nguo, si ya kumfunika mtoto. Plastiki juu ya uso inafunga pumzi.

Kwa juma la 10 yaya alikwenda tena, na mvua iliwakuta mtoni. Walipofika alifungua zipu, akatoa kitenge kikavu na kofia kavu, akambadilisha mtoto mbele ya foleni yote. Fishi ilisomeka. Mama wawili walimwuliza alinunua wapi.

Shitingi imebaki ya mifuko mitatu. Mwenye dada au mama mwenye mtoto mchanga anione mbele ya Ijumaa, Jumamosi ninakata. Zipu alete mwenyewe.