Theluji Isiyo na Tanakali

Kila aliyepitia shule ya msingi nchini Kenya anajua kwamba kitu kikianguka majini huanguka chubwi, mchangani huanguka tifu, na matopeni huanguka tapwi. Tulizikariri tanakali hizi kabla hata ya kuelewa kazi yake, na mwalimu alitutahini nazo kila muhula. Nimezikumbuka sana katika majuma haya ya Februari 2026, kwa kuwa ninaandaa safari ya kwenda mahali ambapo ardhi yote imefunikwa kwa theluji. Kitu kikianguka huko, kitaanguka vipi? Nimepekua kamusi zangu, nimewauliza wenzangu wanaofundisha lugha hii hapa ugenini, na jibu sijalipata.

Mahali penyewe ni Mbuga ya Taifa ya Yellowstone, iliyoko Marekani katika majimbo ya Wyoming, Montana na Idaho. Mimi ni msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha magharibi mwa nchi hii, na wasafiri wenzangu ni wanafunzi wangu watatu wa mwaka wa pili. Tulikubaliana kwamba mipango yote ifanywe kwa Kiswahili: orodha ya vifaa, hesabu ya fedha, ramani, hata mabishano. Sharti hilo ndilo lililozaa makala haya.

Yellowstone ndiyo mbuga ya taifa iliyotangulia nyingine zote duniani. Sheria ya kuianzisha ilitiwa saini na Rais Ulysses S. Grant tarehe 1 Machi 1872, miaka 74 kabla ya Mbuga ya Nairobi kuanzishwa mwaka 1946. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba 9,000, karibu sawa na Tsavo Magharibi. Kwa Mkenya, hata hivyo, kipimo kilicho karibu zaidi na moyo ni kingine. Mammoth Hot Springs, yaliko makao makuu ya mbuga, pako mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo ambacho hakitofautiani sana na cha mji wa Nanyuki. Nanyuki imekaa juu ya Ikweta, ilhali karibu na Mammoth hupita mstari wa latitudo ya digrii 45, yaani nusu ya njia kutoka Ikweta hadi Ncha ya Kaskazini. Kimo ni kimoja, jua ni tofauti. Nanyuki mtu huvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Karibu na mji wa West Yellowstone, tarehe 9 Februari 1933, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 54 za Selisiasi chini ya sifuri.

Sisi hatuendi katika baridi ya namna hiyo. Tunaenda mwishoni mwa majira, na hapo ndipo ugumu wa kupanga ulipo. Likizo fupi ya chuo inaanza Jumamosi, tarehe 14 Machi. Barabara nyingi za mbuga hufungiwa magari ya kawaida tangu Novemba hadi Aprili. Badala yake hupita mabasi ya theluji, yenye magurudumu mapana au minyororo kama ya trekta, pamoja na pikipiki za theluji. Vyombo hivyo navyo huacha kazi katikati ya Machi ili njia zianze kusafishwa. Anayefika siku chache baada ya hapo hukuta msimu mmoja umekwisha na mwingine haujaanza. Kwa ratiba yetu, basi la theluji tungelipata kwa tundu la sindano, na nauli yake si ya mfuko wa mwanafunzi.

Mabishano yalikuwa makali. Wawili kati ya wanafunzi wangu walitaka twende kuiona Old Faithful, chemchemi maarufu irushayo maji ya moto angani kila baada ya dakika 90 hivi. Kutoka lango la magharibi ni kilomita 48 za theluji tupu. Mimi nilisimama upande wa pili, na sababu yangu ilikuwa ya kinyumbani: maji yachemkayo na kuruka kutoka ardhini nimeyaona Ziwa Bogoria, nimechemsha na mayai humo kama watalii wengine. Theluji ndiyo sijaikanyaga kwa namna ya kuijua. Mjini tunakoishi huanguka usiku, na kabla ya saa tatu asubuhi imekwisha kutiwa chumvi na kusukumwa kando ya njia ikawa tope la kijivu. Hiyo siihesabu.

Basi tulikubaliana kupita kaskazini. Ipo barabara moja tu ndani ya mbuga inayosafishwa kwa ajili ya magari ya kawaida mwaka mzima: inaanzia lango la Gardiner, inapita Mammoth, inashuka Bonde la Lamar na kuishia Cooke City, mwendo wa kilomita 90 hivi. Mbele ya Cooke City njia huzibwa na theluji, kwa hiyo arudiye hurudi alikotoka. Mnamo Juni 2022 mvua kubwa iliinyeshea theluji iliyokuwa ingali milimani, mito ikafura, na sehemu za barabara hiyo zikachukuliwa na maji. Ilifunguliwa tena kwa magari ya umma mwezi wa Oktoba mwaka huo huo.

Suala la fedha nitalipitia upesi. Gari hulipa dola 35 kwa siku saba. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 1 Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani, mwenye umri wa miaka 16 au zaidi na asiye na kibali cha mwaka, hutozwa dola 100 katika mbuga 11, Yellowstone ikiwemo. Nimeishi maisha yangu yote nikiwaona wageni wakilipa dola kwenye malango ya mbuga zetu huku sisi tukilipa shilingi. Sasa ni zamu yangu kusimama katika ule mstari mwingine, nami nimecheka kuliko nilivyonung'unika.

Sasa niliingie hasa lililonishughulisha, nalo ni lugha. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya jambo hili, barafu na theluji, na yote mawili ni wageni waliohamia. Barafu asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ni theluji; katika Kihindi na Kiurdu neno hilo hilo hubeba theluji na maji yaliyoganda pia. Theluji ni ya Kiarabu, na Waarabu wengi nao huitumia kwa vyote viwili. Waswahili wa pwani, ambao hawakuwa na hiki wala kile, waliyapokea maneno yote mawili wakayagawia kazi: hili likae na kile kigumu, lile likae na kile kiangukacho kama pamba. Mgawanyo huo ni wetu wenyewe. Kila nisikiapo mtu akisema kwamba Kiswahili ni maskini mbele ya baridi, hukumbuka kwamba watu wasioijua theluji waliitofautisha na barafu kwa usafi kuliko lugha walikoyaazima.

Tunayo pia sakitu, umande ulioganda, ambayo wakulima wa chai wa Kericho na Limuru wanaijua kwa hasara zake. Tunayo jalidi. Kuhusu jina la majira, mwanafunzi mmoja alishikilia tuseme kipupwe. Nilimkatalia. Kipupwe cha pwani ni baridi ya Juni hadi Agosti, wakati wa upepo wa kusi. Kukihamishia Montana mwezi wa Machi ni kukivunja miguu. Tumebaki na majira ya baridi, maneno mawili ya kawaida yanayofanya kazi yake bila kujisifu.

Mbwamwitu ndiye aliyetuchelewesha kuliko wote. Bonde la Lamar husifika kwa mnyama ambaye tafsiri za Biblia na za ngano za Ulaya humwita mbwamwitu. Lakini mbwamwitu wa Laikipia ni mwingine kabisa: ana madoa, ana masikio ya mviringo kama sahani, wala si wa jenasi moja na yule. Tulimaliza kwa kumwita mbwamwitu wa kijivu, na sina hakika kwamba Kiswahili hakistahili bora zaidi. Historia yake inastahili kusimuliwa kwa jina lolote lile. Walinzi wa mbuga wenyewe walimwangamiza, wa mwisho wakiuawa mwaka 1926. Kisha mwaka 1995 wakaletwa 14 kutoka Kanada, na mwaka uliofuata 17 wengine. Mwisho wa majira ya baridi ni wakati mwema wa kumwona, kwa kuwa manyoya yake huonekana juu ya weupe, na wanyama anaowawinda wamedhoofika kwa njaa ya miezi mingi.

Nilipomsimulia Baba habari hii kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Yaani walimwua wote, halafu wakaenda kumwomba kwa jirani?"

"Ndivyo, Baba."

"Basi wana bahati kwamba jirani alikuwa naye. Barafu yetu tutaiomba kwa nani?"

Hapana budi nieleze. Baba alikuwa mpagazi wa Mlima Kenya kuanzia 1978 hadi 1997. Alibeba mizigo ya wageni kupitia njia ya Naro Moru hadi vibandani juu, na mara nyingi aliwasindikiza alfajiri pembeni mwa barafu ya Lewis kuelekea kilele cha Lenana. Sisi watoto tuliuona weupe ule kutoka uani asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, na hatukuwahi kuugusa. Wengi wetu neno theluji tulilikuta kanisani kabla ya kulikuta darasani. Baba, kwa Kikuyu chake, huiita ira, jina lile lile la udongo mweupe wa kujipaka katika sherehe.

Wanasayansi walioipima barafu ya Lewis wamekadiria kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba barafu za kudumu zilizosalia katika maeneo ya urithi wa dunia barani Afrika, za Mlima Kenya na Kilimanjaro zikiwemo, huenda zikatoweka kufikia 2050. Mtoto atakayezaliwa Nanyuki mwaka huu atakuwa na miaka 24 wakati huo. Neno atakuwa nalo. Uani kwao halitakuwa na cha kuonyesha.

Ndiyo maana ushauri wa Baba nimeuandika wote daftarini. Nivae nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito. Nikihisi jasho nipunguze mwendo, kwani jasho likipoa mwilini ndilo liuwalo watu. Pamba nisivae kabisa karibu na ngozi. Miwani ya jua nisiivue hata kukiwa na mawingu, kwa kuwa aliwahi kumshika mkono mwenzake kutoka juu hadi chini, macho yake yakiwa yamevimba kwa mwanga uliorudishwa na theluji. Nimelinganisha maagizo haya na yale yanayotolewa na mbuga. Hayatofautiani hata chembe, ila mbuga huongeza mambo ya wanyama: mita 23 kutoka kwa baisani, mita 91 kutoka kwa mbwamwitu na dubu, na dawa ya kupuliza ya kumfukuzia dubu iwe karibu na mkono, maana madume huanza kutoka mapangoni mwezi wa Machi.

Mwisho wa ushauri wake nilimwuliza lile swali la tanakali. Yeye hakuhitaji kufikiri. Alisema kwamba alfajiri, wakati wa baridi kali, ile theluji ya juu ililia chini ya viatu kwaru, kwaru. Lakini jua likishaipiga, mguu ulizama fwa. Alizitamka sauti hizo mbili kama mtu atajaye majina ya jamaa zake. Kisha akaniagiza nisikilize vizuri nimwambie kama ya huko inasema vivyo hivyo.

Nimewaeleza wanafunzi wangu, nao wameiandika hoja hiyo juu kabisa ya orodha, mbele ya chakula. Tutalala Gardiner usiku wa Jumapili. Jumatatu tutaondoka gizani, ili tuwe Lamar kabla ya jua, ambalo siku hizo huchomoza baada ya saa moja asubuhi, kukiwa kumepambazuka mapema kidogo kuliko hapo. Nyumbani itakuwa alasiri, saa tisa mbele yetu. Mtandao wa simu bondeni humo ni wa kubahatisha, kwa hiyo sauti nitainasa kwanza: mara moja kukiwa na baridi, mara ya pili adhuhuri. Betri ya simu huisha haraka penye baridi. Baba amesema niitie kwapani, ndani ya nguo ya pili, ambapo yeye alikuwa akitia kibiriti.